Saratani Imetolewa, Lakini Mume Wangu Anasema Afadhali Angekufa

Shangazi, assalaamu alaykum.

Nakuandikia usiku huu watoto wakiwa wamelala. Baba yao yuko sebuleni, macho wazi, kama ilivyo desturi yake siku hizi. Tunakaa Kisauni, tuna watoto wanne. Mume wangu ni fundi seremala, ana miaka 52. Mwaka jana alianza kutoa damu akienda haja. Tukatibu bawasiri miezi mingi, mpaka daktari mmoja alipompima kwa kidole akasema hii si bawasiri. Ikaonekana ni saratani ya mwisho wa utumbo mpana. Akapigwa mionzi, akapewa dawa za kemo, kisha akafanyiwa upasuaji mkubwa. Njia ya chini imefungwa kabisa. Choo sasa kinatoka tumboni, upande wa kushoto, kinaingia kwenye mfuko, na tumeambiwa mfuko huo ni wa maisha.

Alhamdulillahi, vipimo vya mwisho vilikuwa safi. Majirani walikuja, ikasomwa dua, watu wakala pilau. Nikadhani tumevuka.

Hataki kwenda msikitini, yeye ambaye alikuwa akitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Anasema, "Mimi ni najisi inayotembea." Barazani haketi tena, na wenziwe wakija kumjulia hali anajifanya amelala. Mchana kutwa hali kitu, ati mfuko usijae. Chumba chetu amekihama, analala kwenye mkeka sebuleni. Tangu upasuaji hajanigusa, nami sijathubutu kumuuliza kama ni mwili umekataa au ni moyo. Siku ya kurudi kliniki imepita. Nikimkumbusha anasema, "Ya nini?"

Siku moja wiki hii alimwita kijana anayemfundisha kazi akampa randa, misumeno na patasi zote, hata zile alizorithi kwa babake. Nilipomuuliza akanijibu taratibu tu: "Sizihitaji. Afadhali ningefia palepale kwenye meza ya upasuaji, saa hizi mngekuwa mmeshanizoea kutokuwepo." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama mkwe anasema ni jini, au ni husda. Ameshapata mganga anayetaka mume wangu aache dawa zote na afunge siku saba. Shemeji anasema ni kukosa shukrani, kwani wangapi wamekufa na yeye amepona. Na jirani ameniambia nikimpeleka hospitali nikasema anataka kufa, wataita polisi afungwe. Ni kweli? Nifanye nini, Shangazi? Nimechoka, lakini simwachi.

Mke wa fundi, Kisauni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Naanza na zile randa na patasi, maana hizo haziwezi kungoja. Mtu anayegawa vitu alivyovipenda maisha yake yote, kisha akasema kwa utulivu kwamba afadhali angekufa, huenda ameshaanza kupanga. Si lazima iwe hivyo, lakini wewe lichukulie ni hivyo mpaka ujue vingine. Ukimaliza kusoma haya, nenda ukaketi naye pale mkekani, umuulize kwa maneno yaliyo wazi: "Niambie ukweli, unafikiria kujiua?" Usizunguke. Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Suala hilo limechunguzwa mara nyingi na hofu hiyo haikuthibitika. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu, kwa kuwa hatimaye kuna mwenzake anayejua.

Akikubali, usimlaumu wala usimtajie adhabu ya akhera. Mwenyewe anaijua kuliko wewe na mimi, na huenda ndiyo imemshikilia mpaka leo. Muulize kama ameshafikiria ni lini na kwa njia gani. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata akienda msalani, na usiku huohuo mwende hospitali, sehemu ya dharura. Mwite nduguye au rafiki yake wa karibu awasindikize. Hata akikana, kusanya dawa zote za nyumbani, za maumivu, zilizobaki za kemo, hata za watoto, uziweke nyumba ya mtu mwingine, pamoja na chochote kingine unachohisi anaweza kujidhuru nacho. Ukikwama usiku, piga 1199, ni nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, utazungumza na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Kuhusu polisi, jirani yako anasema jambo lililokuwepo. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Na hata kabla ya hapo, kumwambia daktari kwamba umechoka kuishi hakujawahi kuwa kosa. Sheria hiyo iliwafanya watu wengi wafiche maradhi yao nyumbani, na bado nakasirika nikiwaza ni wangapi waliokufa wakiogopa pingu. Wewe usiogope. Mpeleke na useme yote kama ulivyoniandikia mimi.

Sasa tuje kwa shemeji yako na hiyo shukrani yake. Mume wako hakukosa shukrani. Ana ugonjwa wa pili. Wengine huuita sonona, wengine unyogovu, na madaktari hutazama dalili hizi hizi ulizozitaja: kwa wiki mbili au zaidi mtu amepoteza hamu ya yale aliyoyapenda, hapati usingizi, anajiona hana thamani na ni mzigo kwa watu, anawaza kifo. Kukonda na uchovu peke yake nisingevitegemea, kwani hata saratani yenyewe na dawa zake huleta hivyo. Lakini mtu kusema kwamba familia yake ingekuwa na raha bila yeye, hayo hayaletwi na kemo. Mwaka 2011 jarida la Lancet Oncology lilichapisha mapitio makubwa ya tafiti, yakaonyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wanaotibiwa saratani hospitalini ana sonona kamili. Kwa hiyo pale kliniki mnapokaa kwenye foleni, kwenye benchi moja tu kuna uwezekano mkubwa yupo mwenzake.

Na mara nyingi huja wakati huu huu, pilau ikishaliwa. Kipindi cha matibabu kina ratiba: kesho mionzi, keshokutwa damu, wiki ijayo kemo. Mtu anapigana na kitu anachokiona, na watu wamemzunguka. Matibabu yakiisha wageni wanarudi makwao, naye anabaki na mwili asioutambua na hofu kwamba ugonjwa utarudi. Nashuku ndiyo maana anaikwepa kliniki. Kipimo kimoja kikija kibaya, kila kitu kinaanza upya. Lakini miaka miwili mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo saratani ya namna hii hupenda kurudi, na ikionekana mapema mara nyingi kuna la kufanya. Tarehe hiyo iliyopita usiiache ipotee. Kuchelewa si kufukuzwa, rudini tu na karatasi yenu.

Hospitali atatibiwa vipi? Kwanza wampime damu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, maumivu yasiyotulizwa, vyote hivi vinaweza kumshusha mtu na vina dawa yake. Kisha kuna mazungumzo na mshauri aliyesomea, si mara moja bali wiki baada ya wiki, na kuna vidonge. Vidonge vya sonona havilevyi wala havimfanyi mtu mtumwa. Vinachukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, na akipata nafuu ataendelea navyo miezi sita au zaidi. Wengi huvitupa wiki ya pili wakisema havisaidii. Yapo mawili nataka umtajie daktari bila kuona haya. La kwanza, mwambie mume wako ana mfuko, kwa sababu baadhi ya dawa hizi, amitriptilini kwa mfano, hufunga choo. La pili, dawa hiyohiyo ya amitriptilini ni hatari sana ikimezwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo omba wakupe za siku chache chache, na uzitunze wewe, umpe kidonge chake kwa mkono wako. Na uwe macho zaidi wiki zile za mwanzo. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujatulia, na huo si wakati wa kumwacha peke yake.

Hapo Mombasa hamko mbali na msaada. Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara ina kliniki ya saratani, na Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Mkianza kwa daktari wa saratani, mwombe aandike barua ya rufaa ili msianze upya kujieleza mlangoni.

Sasa mfuko wenyewe. Nimeona katika barua yako kwamba mliambiwa ni wa maisha, lakini sioni popote kwamba kuna mtu aliyekaa nanyi akawafundisha namna ya kuishi nao. Familia nyingi hutolewa wodini hivyo, na mgonjwa akitiririkiwa mara mbili mbele ya watu anajifungia ndani. Nusu ya aibu anayoibeba mume wako naamini ni ya mambo yanayorekebishika.

Kile kipande chekundu kilichotokeza tumboni, wauguzi hukiita stoma, ni utumbo wake mwenyewe. Kinatakiwa kiwe chekundu na chenye unyevu kama ndani ya shavu, na hakihisi maumivu kikiguswa. Hakina msuli wa kuzuia, ndiyo maana hawezi kujizuia hata akitaka. Wiki sita hadi nane baada ya upasuaji hupungua ukubwa, na hapo ndipo watu wengi hukosea: wanaendelea kukata tundu la mfuko kwa kipimo cha zamani, choo kinagusa ngozi, ngozi inachubuka, gundi haishiki, mfuko unavuja. Pimeni upya. Tundu liizunguke stoma kwa karibu, bila kuibana. Ngozi ioshwe kwa maji tu, ikaushwe vizuri kabla ya kubandika, isipakwe mafuta wala sabuni ya manukato. Mfuko umwagwe ukifika theluthi, usingoje ujae ukavutwa na uzito wake.

Na hilo la kushinda njaa limwondoke. Tumbo tupu huzalisha gesi nyingi zaidi, kwa hiyo anajitesa na mfuko unavimba vilevile. Ale kidogo kidogo kwa saa zile zile kila siku, na choo nacho kitaanza kujulikana saa zake. Maharagwe, kabichi, mayai na vitunguu huongeza gesi au harufu kwa watu wengi. Hana haja ya kuviacha milele, ila asivile kabla ya kutoka. Maziwa ya mtindi huwasaidia wengine. Kwa kuwa wake ni wa upande wa kushoto na ni wa kudumu, muulizeni muuguzi pia kama anafaa kufundishwa kuosha utumbo kwa maji kupitia stoma. Baadhi ya watu wakishazoea hufanya hivyo kila siku moja au mbili, na muda wote uliobaki mfuko hukaa karibu mtupu. Hili lifundishwe na muuguzi anayelijua, msijaribu wenyewe.

Bei ya mifuko naijua kuwa ni mzigo. Muulizeni afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na mwombeni muuguzi awaunganishe na mgonjwa mwingine wa kiume mwenye mfuko. Huyo atamfaa mume wako kuliko maneno yangu yote. Akimwona mwanamume mwenziwe amevaa kanzu yake, ameketi, anakunywa kahawa, na haonekani kitu, hapo kuna jambo litakalolegea ndani yake.

Msikiti nimeuacha hapa kwa makusudi, kwa sababu nadhani ndio unaomuuma zaidi. Mimi si mwanachuoni, lakini hukumu ya mwenye udhuru inajulikana na kila sheikh wa pwani hii. Mtu ambaye mkojo haumkauki, au mwanamke wa istihadha, yaani damu inayotoka nje ya hedhi, hakuondolewa kwenye sala. Hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha wakati wa sala ya faradhi unapoingia, na kinachotoka bila hiari yake baada ya hapo hakimharibii sala hiyo. Mwenye mfuko hupewa hukumu ya namna hiyo. Yahusuyo kuingia msikitini na mfuko uliofungwa vizuri, na namna ya kuswali jamaa, aulizwe sheikh. Ila nakuomba usiende kuuliza wewe ukamletea jibu. Mtafute imamu wake au sheikh anayemheshimu, umweleze faraghani, umwombe aje nyumbani aketi naye, amfundishe somo hilo kama anavyomfundisha mtu yeyote mwenye udhuru. Kuambiwa na mke "usijali" na kufundishwa na sheikh ni mambo mawili tofauti kwa mtu aliyejihukumu kuwa najisi. Siku ya kwanza akitoka, achague sala ambayo watu si wengi, asimame mwisho wa safu karibu na mlango, na mfuko wa akiba uwe mfukoni mwa koti.

Unaniuliza pia, kwa heshima sana, kuhusu unyumba. Yawezekana ni vyote viwili, mwili na moyo. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita kandokando ya sehemu aliyokatwa, na upasuaji au mionzi huweza kuijeruhi. Kwa baadhi ya wanaume nguvu hurudi taratibu katika mwaka mmoja au miwili, kwa wengine hairudi kikamilifu, na zipo dawa na vifaa ambavyo daktari anaweza kuwapa. Sonona nayo huua hamu hata kwa mtu ambaye hajaguswa na kisu. Asinunue vidonge vya nguvu za kiume mitaani, kwani vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kuua. Wewe kwa sasa usianze na tendo. Anza na kitanda. Mwambie unataka alale ubavuni mwako, kwamba harufu haikukimbizi, kama ni kweli haikukimbizi. Umwage mfuko kwanza, avae fulana au mjifunge leso. Mshike mkono. Huenda anangoja umkatae, na kila usiku unaopita kimya anauhesabu kuwa jibu.

Kwa mama mkwe, usipigane naye. Amezaa, anaogopa, na anatafuta la kufanya kwa njia anayoijua. Mwambie: "Mama, dua msome, Kurani asomewe, mimi mwenyewe nitaitikia amina. Lakini dawa za hospitali haziachwi." Na kufunga siku saba nakataza kwa nguvu zangu zote. Mtu aliyekonda akikosa chakula na maji siku zote hizo anaweza kuzimia na figo zake zikaharibika. Miti shamba ya kunywa nayo ingoje mpaka daktari aijue. Mpe mama kazi ambayo ni yake kweli: amshinde kwa chakula. Mwanawe hatamkatalia uji wa mamake kama anavyoukataa wako.

Yule kijana wa kazi mfuate mapema. Mwambie asiuze wala asigawe kitu, na aje nyumbani na kazi mkononi, kiti au kitasa cha mlango, aombe kuelekezwa. Fundi asiinue mbao nzito, kwani misuli ya tumbo karibu na stoma ni dhaifu na ngiri hutokea kwa urahisi pale. Lakini kupima, kuchora, kupiga msasa na kufundisha anaweza. Kijana asije na maneno ya kumfariji. Aje na swali la kazi.

Na wewe, mwanangu, unasema umechoka katika sentensi moja halafu unapita. Mkubwa wa watoto wako ana umri gani? Shemeji yako mwenye maneno ya shukrani apewe zamu ya usiku, alale pale sebuleni na kakake, wewe ulale. Hilo mwombe leo, mbele ya mamake.

Mkienda hospitali beba karatasi ya upasuaji, majina ya dawa zote anazotumia, mifuko miwili ya akiba, na ile barua uliyoniandikia. Ukishindwa kusema mbele yake, mpe daktari aisome.